Kabla Jahazi Halijang'oa Nanga: Watu Wasiotajwa Walioamua Nani Arudi Kwao

Kaa Forodhani saa kumi na mbili jioni, urojo mkononi, simu juu, unasubiri machweo. Lazima jahazi moja litakatiza mbele yako. Tanga limejaa upepo, jua linazama nyuma yake, picha inatoka kali. Unaipandisha Instagram na laiki zinaanza kuingia kabla hujamaliza bakuli.

Picha ni ya sekunde moja, ila story iliyo nyuma yake ina karibu miaka 2,000. Kuna kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinachoeleza biashara ya Bahari ya Hindi, na pwani yetu imo humo. Kinataja mji wa biashara ulioitwa Rhapta na boti zilizoshonwa kwa kamba. Kinasema pia kwamba manahodha wa Kiarabu waliokuja huku walikuwa wanaoa wenyeji na lugha ya watu wa hapa wanaijua. Yaani mambo ya mgeni kuja na chombo, akakaa, akanogewa, yalianza zamani sana.

Sasa ukiuliza nani alifanya safari zile ziwezekane, utatajiwa masultani na matajiri wenye majahazi. Nadra kumsikia mtu akimtaja aliyepaka mafuta tumboni mwa jahazi, aliyebeba maji kichwani, au mama aliyesokota kamba. Vitabu vingi havikuandika majina yao, kwa hiyo humu hawatakuwa na majina. Lakini kazi yao inajulikana vizuri, na ukiifuatilia hatua kwa hatua utagundua kitu kimoja: jahazi likipata balaa katikati ya bahari, mara nyingi chanzo kilikuwa bandarini, wiki kadhaa nyuma, siku mtu mmoja alipolipua kazi.

BOSI MKUBWA NI UPEPO

Ili kuelewa presha iliyokuwepo, anza na upepo. Pwani hii ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Machi, na ndiyo iliyoyashusha majahazi kutoka Kuwait, Basra, Sur, Muscat na India. Yalikuja na tende, chumvi, papa mkavu, mazulia na masanduku. Kusi huanza kuvuma Aprili kuelekea kaskazini, na hiyo ndiyo iliyowarudisha watu makwao.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni mteremko: umekuja na upepo mmoja, unarudi na mwingine. Tatizo ni kwamba kusi haina utani. Aprili inakuja kistaarabu. Ikifika Juni na Julai imeshakuwa kichaa, bahari imechafuka, na bandari nyingi za upande wa Arabuni na India magharibi zilikuwa hazifikiki. Jahazi lililotaka kurudi lilitakiwa kuondoka mapema, kusi ikiwa bado changa. Hapo ni kama dirisha la usajili wa Simba na Yanga, likifungwa limefungwa. Aliyechelewa alisubiri kusi ipungue, Agosti au Septemba huko, huku watu wake wanakula kila siku na biashara imelala.

Hata neno msimu lenyewe limetoka kwenye Kiarabu na linahusu majira ya safari hizi. Wazungu nao walilichukua neno hilohilo wakayaitia hizi pepo. Maisha ya pwani nzima yalikwenda kwa saa ya upepo.

Kwa hiyo kati ya siku jahazi linatia nanga Zanzibar na siku linaondoka, kulikuwa na wiki chache tu za kuuza mzigo, kununua mzigo, kutengeneza chombo na kujaza chakula na maji. Mabaharia walikula bata pia, usiku kulikuwa na ngoma na kahawa za Malindi. Ila mchana ilikuwa ni kazi juu ya kazi.

Chukua mfano wa miaka ya 1930 mwishoni. Kipindi hicho kinajulikana vizuri kwa sababu Mwaustralia mmoja, baharia na mpiga picha, alipanda bumu la Kuwait pale Aden mwishoni mwa 1938. Bumu ni aina ya jahazi kubwa lililochongoka mbele na nyuma. Akashuka nalo mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji, akarudi nalo mpaka Kuwait katikati ya 1939. Aliandika na kupiga picha karibu kila kitu, zikiwemo hizi kazi za bandarini ambazo wengine waliona hazina mvuto.

TUMBO LA JAHAZI

Kazi ya kwanza ilikuwa chini, sehemu ambayo haionekani kwenye picha ya machweo.

Bahari yetu ni ya joto, na bahari ya joto ina mdudu anayekula mbao. Anaingia akiwa mdogo kabisa, anatoboa, anaishi humohumo ndani akiendelea kutafuna. Kwa nje ubao unaonekana mzima, kumbe ndani umeshakuwa sponji. Juu ya hapo kuna majani na magamba ya viumbe wa baharini yanayoganda kwenye tumbo la chombo. Jahazi lenye uchafu huo linakuwa zito, haliendi. Na jahazi lisiloenda linakula maji na chakula cha siku za ziada ambacho halina.

Kwa hiyo lazima lipandishwe pwani. Bila winchi wala kreni. Mashine pekee ilikuwa mwezi. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yanakuja maji makubwa ya bamvua, na huku kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika kama mita 4. Maji yakijaa, jahazi linasogezwa mpaka ufukweni. Yakianza kutoka, watu wanakimbilia kulitia gadi, yaani magogo ya kuliegemeza kila upande ili lisilale. Maji yakishapwa, lile dude zima limesimama juu ya mchanga na saa inahesabu kurudi nyuma. Bahari inarudi baada ya masaa machache, na haijali umefikia wapi.

Hapo ndipo wanapoingia watu wa story hii. Wengine wanakwangua magamba. Wengine wanawasha makuti makavu na kupitisha moto chini ya mbao kuua wadudu, na hapo unahitaji mtu mwenye akili timamu, maana ukizidisha sekunde chache umeunguza chombo cha watu. Fundi anapita na nyundo, anagonga ubao mmoja mmoja akisikiliza. Ubao mzima una mlio wake na ubao ulioliwa una mlio wake. Penye nafasi kati ya ubao na ubao anashindilia kalafati, ambayo ni pamba iliyolowekwa mafuta, kwa patasi butu na nyundo. Tk, tk, tk, mpaka jioni.

Baada ya hapo ni deheni. Hii ni chokaa iliyochanganywa na shahamu, mafuta ya mnyama, ikapikwa ikawa uji mzito. Chokaa yenyewe ilitoka kwenye matumbawe yaliyochomwa. Deheni ilipakwa kwa mikono mitupu, kiganja kwa kiganja, mpaka tumbo lote linakuwa jeupe. Mbao za juu zilipakwa sifa, na kabla hujafurahia jina, sifa ni mafuta ya maini ya papa. Harufu yake ikikukamata hata ukioga mara tatu bado iko na wewe.

Maji yanarudi. Kama kuna mahali pamesahaulika, hakuna atakayejua leo. Patajulikana wiki ya tatu, nje kabisa ya pwani ya Somalia, ngama imejaa maji na watu wanafua usiku kucha kwa ndoo. Na yule aliyepasahau yuko Malindi anakunywa kahawa.

NENO "KIBARUA" LILIPOZALIWA

Hapa kuna kitu kinachofaa kukusimamisha kidogo.

Leo mtu akifukuzwa kazi unasema kibarua kimeota nyasi. Unacheka, anacheka, maisha yanasonga. Neno hilo limetokana na barua: kibarua ni barua ndogo, cheti cha mfanyakazi wa siku. Katika Zanzibar ya karne ya 19, wengi walioitwa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa. Mtu anaamka asubuhi, anaenda bandarini kubeba mizigo au kukwangua jahazi, jioni analipwa, halafu sehemu ya malipo anampelekea bwana wake.

Soma tena hapo. Anaondoka nyumbani peke yake, hajafungwa mnyororo, pesa anaishika mkononi mwake, na bado si yake.

Kuna waliokuwa mafundi kabisa, wenye ujuzi wa kalafati na useremala, wanaotegemewa na manahodha. Mikono yao ndiyo iliyohakikisha jahazi linafika Arabuni salama. Na baadhi ya majahazi hayohayo, kabla ya kukatazwa na hata baada ya kukatazwa kwa siri, yalikuwa yanabeba watu kama wao kwenda kuuzwa. Fikiria kushindilia pamba kwenye mbao za chombo huku unajua kitakachowekwa ndani yake.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Hali ya utumwa yenyewe iliondolewa kisheria visiwani mwaka 1897. Ufukwe ulikuwa uleule, kazi ileile, na jina la kibarua likabaki kwa kila mtu wa kazi za kutwa. Ndiyo maana ukiuliza majina ya waliotengeneza majahazi hupati. Jina la tajiri liliingia kwenye daftari. La kibarua lilikuwa kwenye cheti cha siku moja, na kesho yake kikatupwa.

KAMBA ZA AKINA MAMA

Jahazi kubwa lina kamba kila kona. Henza inayopandisha foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, lazima iwe nene na ya kuaminika, kwa sababu foromali ya bumu kubwa ni uzito wa kuwatoa jasho mabaharia wote kwa pamoja, wakivuta huku wanaimba. Henza ikikatika, ule mti unawashukia vichwani.

Kamba hizo zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwenye nazi. Na kutoka kwenye nazi mpaka kuwa kamba kuna mama katikati.

Makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye mchanga au tope la ufukweni, mahali maji yanapojaa na kupwa. Yanakaa miezi. Yakifukuliwa yananuka kama kitu kilichokufa. Mama anayaweka juu ya jiwe na kuyapiga kwa gongo mpaka nyama yote inatoka na kubaki nyuzi, yaani usumba. Anausuuza, anauanika, kisha anausokota kwa viganja, uzi juu ya uzi. Ni kazi ya mgongo na mabega, na malipo yake hayajawahi kuwa ya kumtajirisha mtu. Mpaka leo ukienda vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja unaweza kuwakuta wanawake wakiifanya vilevile.

Mitepe ya zamani ya upande wa Lamu ilikuwa haina msumari hata mmoja. Mbao zote zilishonwa kwa kamba hizi. Kwa maana hiyo chombo kizima, pamoja na roho za waliokuwemo, kilishikiliwa na usumba uliopita viganjani mwa watu ambao hawakupanda hata siku moja.

TANGA CHINI YA KIVULI

Wakati hao wanamalizana na tumbo na kamba, wengine wako pembeni wametandaza tanga. Tanga la jahazi halipunguzwi kirahisi upepo ukizidi kama matanga ya mashua za kisasa. Jahazi kubwa lilibeba zaidi ya tanga moja: kubwa la upepo laini, dogo la upepo mkali. Bahari ikichafuka, foromali inashushwa, linafunguliwa moja na kufungwa jingine, katikati ya mawimbi.

Kwa hiyo kila tanga lilipaswa kukaguliwa mshono kwa mshono. Mabaharia walikaa mchangani, miguu imenyooshwa, sindano kubwa mkononi, wanashona. Tundu dogo la leo linakuwa mpasuko wa mita tatu siku upepo ukikaza. Na hii Aprili ndiyo masika yenyewe, mvua inanyesha karibu kila siku. Unatandaza tanga, mvua inakuja, unalikunja. Jua likitoka unalitandaza tena. Siku zinakwenda.

HESABU YA MAJI

Sasa njoo kwenye kitu ambacho kinaweza kuua jahazi zima bila hata wimbi moja.

Piga hesabu ya kawaida kabisa. Mabaharia 30. Kila mmoja lita 4 kwa siku, ya kunywa na kupikia. Siku 30 za njiani. Hiyo ni lita 3,600. Debe la bati la zamani linabeba kama lita 18, kwa hiyo ni madebe 200. Bado abiria. Bado mbuzi waliofungwa pale juu. Bado siku upepo unapokufa na jahazi linasimama kama limeegeshwa.

Madebe 200 hayakujipeleka yenyewe. Yalijazwa, yakabebwa, yakavushwa kwa mashua na kumiminwa kwenye tangi kubwa la mbao ndani ya jahazi. Na hilo tangi lilihitaji kusafishwa na kulowekwa kwanza, kwa sababu mbao zikikauka zinaachana na maji yanavuja taratibu bila mtu kujua.

Maji yalitoka visimani na kwenye vijito. Kabla mji haujawa na mabomba, vyombo vilikuwa vinafuata maji mpaka Mtoni, kaskazini mwa mji. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye anayesifiwa kwa kuuletea mji maji safi ya bomba, na sifa hiyo anastahili. Kila kitabu kinamtaja. Aliyebeba debe kutoka bombani mpaka jahazini, hakuna.

Na si suala la wingi tu. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar na mpaka 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu. Ugonjwa huo unasafiri na maji machafu, na kipindi kile ulisafiri pwani kwa pwani pamoja na majahazi. Ukijaza tangi kwa maji mabaya huna pa kuyamwaga ukishakuwa katikati ya bahari, maana hakuna mengine. Kwa hiyo mbeba maji aliyejua kisima kipi ni kizuri na kipi cha kuepuka alikuwa anashika maisha ya watu 30 kichwani mwake, juu ya kata.

CHAKULA NA JIKO LA MCHANGA

Manunuzi yenyewe yalikuwa ya kawaida, hata wewe ungeyajua ukiyaona sokoni. Mchele magunia. Unga. Samli. Tende, ambazo ziliuzwa kama mzigo na kuliwa kama chakula. Papa mkavu, ng'onda. Vitunguu. Ndimu. Kahawa, maana bila kahawa hakuna nahodha anayezungumza na mtu asubuhi. Kuni nyingi. Mbuzi mmoja mmoja kwa siku za nguvu.

Jiko lilikuwa sanduku la mbao lililojazwa mchanga, moto unawashwa juu yake, hapohapo juu ya chombo cha mbao kilichopakwa mafuta. Mpishi alikuwa anapika wali wa watu 30 kwenye moto unaoyumba kushoto na kulia. Ukiona mtu analalamika jiko lake la gesi lina moto mdogo, mkumbushe huyu jamaa.

Samaki walivuliwa njiani, walipopatikana. Lakini hakuna nahodha mwenye akili aliyeweka bajeti kwa kutegemea samaki ambao bado wako baharini.

MZIGO WA MATOPE

Jahazi halirudi tupu. Kutoka huku lilipakia nazi, karafuu, na zaidi ya vyote boriti, yaani miti ya mikoko. Kuwait, Bahrain na miji mingine ya Ghuba haina miti ya kujengea. Boriti za Rufiji na Lamu ndizo zilizobeba mapaa ya nyumba zao, na hata upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Kuna babu wa Ghuba aliyezaliwa, akalala na kuota ndoto zake zote chini ya miti iliyokatwa na Mrufiji asiyemjua.

Lile bumu la 1939 liliingia kwenye vijito vya Rufiji kufuata mzigo huo. Hapo ni tope la magotini, mbu, joto la kukaba, na miti mizito inayotolewa mmoja mmoja mpaka jahazini. Wakataji walikuwa watu wa hukuhuku. Halafu mzigo unapangwa kwa akili: ukiegemea upande mmoja, jahazi linaegemea upande mmoja, na kusi hailisamehei.

NANI ANALIPWA?

Hapa ndipo panapouma.

Mabaharia wa majahazi yale hawakuwa na mshahara wa mwezi. Walikuwa na fungu. Safari ikiisha, gharama zinatolewa, mwenye jahazi anachukua chake, kinachobaki kinagawanywa. Msimu ukiwa mbaya, fungu linakuwa kituko. Wengi walishachukua mkopo kwa nahodha ili familia ile wakati wao wako safarini, kwa hiyo walifika nyumbani na fungu likaishia kwenye deni. Nahodha naye alikuwa anadaiwa na matajiri. Wote walikuwa kwenye mnyororo mmoja wa madeni, tofauti ni urefu tu.

Ndiyo maana kila baharia aliruhusiwa kuwa na sanduku lake na kufanya biashara yake ndogo. Huku anashusha vitu vya kwao, huku ananunua vya kwenda kuuza. Mchongo wa pembeni haukuanza na kizazi cha WhatsApp.

Sasa weka mambo yote pamoja. Jahazi likichelewa wiki tatu kwa sababu tanga halijaisha au bamvua imepita bila kumaliza deheni, haipotei wiki tatu tu. Linapotea dirisha la upepo, fungu linakufa, deni linakua, na huko Sur au Kuwait kuna mke anayesimama ufukweni akihesabu majahazi yanayorudi na la mumewe halimo. Hana simu ya kupiga wala tiki mbili za bluu za kumwambia ujumbe umesomwa.

SIKU YENYEWE

Halafu asubuhi moja upepo unakubali. Ubani unafukizwa, dua inasomwa. Deni la dukani limelipwa au limeahirishwa mpaka msimu ujao. Nanga inapanda kwa nyimbo. Foromali inakwenda juu, tanga linafunguka kwa kishindo, na tumbo jeupe la deheni linaonekana kidogo kabla halijazama kwenye maji. Kutoka Zanzibar mpaka Muscat ni karibu kilomita 4,000.

Ufukweni wanabaki wale walioliandaa. Wanaangalia mpaka tanga linakuwa kama unyoya, kisha wanageuka kwenda kwenye jahazi linalofuata. Hawatajua kama lilifika. Watajua mwakani, kaskazi ikivuma, likirudi. Au lisiporudi.

ILIVYOKWISHA, NA ILIVYOBAKI

Biashara hii ilikatika taratibu. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946, na kijana wa huko akapata kazi inayolipa bila kuhitaji kufua maji ngamani. Meli za injini zikachukua mizigo. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 12 Januari 1964, msimu wa majahazi ya Arabuni haukuwa tena kama zamani. Saruji na chuma zikachukua nafasi ya boriti.

Lakini ukienda leo kwenye mkono wa bahari pale Kilifi, utakuta mashua za kisasa za watu wanaozunguka dunia kwa tanga. Zimetia nanga, zinangoja upepo ugeuke. Wenyewe wanakwangua tumbo, wanapaka rangi ya kuzuia viumbe wa baharini, wanashona matanga, wanajaza matangi ya maji, wananunua mchele, vitunguu na ndimu. Orodha ni ileile. Kuna setilaiti na friji, ila kusi ni ileile na mdudu wa mbao yuko palepale.

Na bado, mwisho wa siku, picha inayopandishwa mtandaoni ni ya mwenye mashua na machweo.

Hakuna ubaya kupiga picha ya machweo. Ila wazee wengi waliofanya kazi zile wameshaondoka, na waliobaki ni wa kuhesabu. Ukiwa na babu aliyekuwa baharia, bibi aliyepiga makumbi, au mzee mtaani kwenu aliyekuwa fundi wa kalafati Malindi, Tanga, Mombasa, Lamu au Rufiji, kaa naye leo, muulize. Halafu teremka hapo chini kwenye maoni na uandike jina lake na kazi aliyoifanya. Majina mawili matatu yatosha. Vitabu viliyaruka, ukurasa huu una nafasi.